Foleni ya Dirisha la Tatu

Ofisi ya kusajili nyumba na viwanja ilikuwa na madirisha manne, na kwenye dirisha la tatu alikaa mwanamke aliyeitwa na watu Mama Muhuri. Jina hilo halikuwa la kumbeza. Alikuwa mnene kidogo, msafi kupita kiasi, kalamu zake amezipanga kwa urefu, na kwenye kugonga muhuri hakuwa kama wenzake wanaotwanga meza mpaka kikombe cha chai kinaruka. Yeye aliuweka juu ya karatasi taratibu, akaukandamiza kwa kiganja, akahesabu kimoyomoyo moja, mbili, ndipo akaunyanyua. Wino haukupaka pembeni hata siku moja. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Kazi yake ilikuwa kupokea fomu. Fomu kamili ilipata muhuri wa buluu. Yenye kasoro ilipata muhuri mwekundu: IMEREJESHWA. Na kasoro iliyojaza kapu lake kila siku ilikuwa ya kipengele cha tisa. Hapo mwanamke yeyote aliyetaka kuandikisha nyumba kwa jina lake alitakiwa kuweka jina na sahihi ya mwanamume wa kumsimamia: mume, au kama hana mume baba, au kama hana baba kaka, au kama hana kaka mtoto wake wa kiume aliyetimiza miaka kumi na minane, au kama hao wote hawapo karibu, ndugu mwingine wa kiume wa umri huo, wa damu au wa ndoa. Mwanamume hakuwa na kipengele cha tisa. Yeye akishamaliza cha nane aliruka hadi cha kumi.

"Mama, hapa pamebaki wazi," Mama Muhuri alikuwa akisema kwa sauti ya chini, huku akionyesha kwa ncha ya kalamu. "Kakamilishe, kisha urudi. Mimi nipo."

Aliamini kwamba sauti ile ya chini ilikuwa wema. Wa madirisha mengine walifoka. Yeye hakuwahi kufoka. Wanawake walikunja fomu zao, wakasema asante, wakaondoka, na yeye akaita anayefuata. Kama mtu angemuuliza siku zile anaionaje sheria hiyo, angeshangaa, kama vile umemuuliza anaionaje dari.

Jumatatu moja alifungua pazia la dirisha lake akakuta foleni ya wanawake kuanzia kwenye kioo, ikapita mlangoni, ikashuka ngazi, ikaishia karibu na geti. Walikuwa kama arobaini. Mbele yao wote alisimama mkunga mstaafu ambaye nusu ya mji ilipita mikononi mwake, na ndiyo maana kila mtu alimwita Bi Mkunga. Tundu la kupitishia karatasi lilikuwa chini mno, mtu mzima hakuweza kusikika mpaka ainame. Bi Mkunga akainama, mkono mmoja kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta fomu."

Mama Muhuri akaipitia. Mwandiko mzuri, kila kitu mahali pake, mpaka alipofika cha tisa.

"Bibi, hapa umeandika jina lako mwenyewe."

"Ndiyo. Sina mtu ninayemjua vizuri kuliko huyo."

"Anatakiwa mwanamume, bibi. Mume wako..."

"Alishatangulia."

"Kaka?"

"Nilizaliwa peke yangu. Na wanangu ni mabinti watatu. Yupo mjukuu wa kiume, katimiza miaka kumi na minane mwezi jana. Nilimpokea kwa mikono hii, akagoma kulia mpaka nilipomchapa kofi la matako. Sasa ndiye anisimamie mimi?"

Mtu fulani nyuma akacheka. Mama Muhuri hakucheka, ingawa midomo ilimwasha.

"Si mimi niliyeiandika sheria, bibi."

"Najua, mwanangu. Wewe gonga muhuri wako."

Akagonga. Moja, mbili. Bi Mkunga akachukua fomu yake, akashukuru, lakini hakutoka nje. Alitembea polepole hadi mwisho wa foleni, akasimama upya. Wa pili akaleta fomu. Cha tisa jina lake mwenyewe. Wa tatu vilevile. Kila mmoja alirejeshewa, akashukuru, akaenda kusimama nyuma. Kabla ya saa tano Bi Mkunga alikuwa amefika tena mbele ya kioo.

"Nimerudi, mwanangu. Si uliniambia wewe upo?"

Hapo ndipo Mama Muhuri alipotambua kwamba foleni ile haikuwa na mwisho.

Walikuwa wamejiwekea masharti, na baadaye aliyajua yote kwa kichwa. Kelele marufuku. Kumtukana karani marufuku. Hakuna kusukuma, hakuna kugusa kitu cha ofisi. Akija mtu mwenye shida ya kweli, mgonjwa au mzee, apishwe mbele bila kuulizwa. Kila mmoja aje na maji yake, na jioni kabla ya kuondoka wafagie uwanja. Kwa hiyo mkuu wa ofisi, bwana mrefu mwenye haraka ya kudumu, alipotoka chumbani kwake kuja kufukuza wafanya fujo, alikosa pa kuanzia.

"Mnafanya fujo hapa!"

"Fujo ipi, baba?" aliuliza Bi Mkunga. "Tumepanga foleni."

Nyuma ya mkuu kulikuwa na bango la ofisi yake mwenyewe: PANGA FOLENI. SUBIRI ZAMU YAKO. Watu walilitazama bango, wakamtazama yeye. Akageuka, akalisoma, akarudi chumbani akaufunga mlango kwa nguvu.

Jumanne walikuja sabini. Kazi za dirisha la tatu zilikwama, kisha za dirisha la nne, maana wenye shughuli nyingine wote walihamia huko na karani wa huko, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, hakuwa amezoea kuamshwa mara nyingi hivyo. Mama Muhuri alirudi nyumbani mkono unamuuma kuanzia kiganja hadi bega. Mumewe, dereva wa gari la kusambaza mikate, alimkuta amekaa jikoni na sufuria tupu mbele yake.

"Wanataka nini hasa hao?" akamuuliza.

"Hawataki mtu awasainie."

"Kwani kusaini ni kazi? Mimi ukiniletea karatasi nasaini hata sijaisoma. Nimewahi kukukatalia?"

"Hujawahi," alisema mkewe. "Ndiyo hapo sasa. Hujawahi kunikatalia, na mimi sijawahi kukaa nikajiuliza siku ukikataa inakuwaje."

Mume akaguna, akaanza kumenya vitunguu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umemlaza mkewe usingizi miaka mingi.

Jumatano, katikati ya asubuhi, Mama Muhuri aliita anayefuata bila kunyanyua macho. Kwenye tundu ikaingia mikono anayoijua: vidole vifupi, makovu madogomadogo ya moto mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa ya mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mjini aliitwa Cheche. Hakuolewa, hakutaka, na kwa mageti na madirisha ya watu alikuwa amejijengea nyumba ndogo ya vyumba viwili, tofali kwa tofali, miaka saba.

"Umefuata nini huku?" dada yake alinong'ona. "Ungekuja nyumbani tukaongea. Nampelekea shemeji yako aisaini leo leo, kesho unapata hati yako."

"Sikuja kwako nyumbani, dada. Nimekuja dirishani."

"Unanitia aibu mbele ya watu."

"Isome tu, kisha ugonge."

Ili kuelewa fomu ile ilikuwa na uzito gani kwa Mama Muhuri, inabidi nirudi nyuma miaka kumi na mmoja. Baba yao alipofariki, mama yao alibaki kwenye nyumba aliyoishi tangu alipoolewa, nyumba aliyoikandika udongo kwa mikono yake kabla haijawa ya matofali. Alitaka iandikwe kwa jina lake. Alivaa vizuri, akaja mpaka dirisha la tatu, akainama. Na binti yake mkubwa, kwa sauti ile ile ya chini, alimwambia kipengele cha tisa kiko wazi, akagonga muhuri mwekundu. Jioni alimfuata kumweleza kwamba ni utaratibu tu, kaka atasaini. Kaka yao hakusaini. Alijaza fomu yake mwenyewe, kwa jina lake, akaruka kutoka cha nane hadi cha kumi, na haikuwa na kasoro. Baada ya miaka miwili aliiuza nyumba, akahama na familia yake. Mama yao alimalizia maisha yake katika chumba cha kupanga cha Cheche, kwenye kitanda kilichowekwa karibu na mlango. Mama Muhuri alimsihi mara nyingi ahamie kwake. Yule mama alikataa, na siku moja alisema sababu, bila hasira yoyote: "Kwako nitakuwa nakuona kila asubuhi ukienda kule."

Dada wawili hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Walitembeleana sikukuu, wakaulizana hali, wakaongelea bei za vitu. Sasa Cheche alisimama upande wa pili wa kioo na fomu yenye jina lake mara mbili.

Mama Muhuri aligonga. Kwa mara ya kwanza wino ulipaka pembeni.

"Asante," alisema Cheche, akaenda mwisho wa foleni.

Alhamisi ilikuja lori la polisi. Wanawake walikuwa wamelitarajia. Walikaa chini palepale kwenye foleni, mmoja nyuma ya mwingine, mikono mapajani, wakajilegeza kama nguo zilizofuliwa. Ikabidi askari wawiliwawili wambebe kila mmoja hadi kwenye lori. Kijana mmoja mwenye magwanda alipomnyanyua Bi Mkunga kwapani alisikika akiomba radhi. "Pole, bibi." Naye akamjibu, "Nyanyua kwa magoti, baba, si kwa mgongo. Utaumia bure." Hakuna aliyepiga, hakuna aliyepigwa. Baada ya nusu saa ukumbi ulikuwa mtupu, na chupa za maji zimesimama sakafuni kwa mstari, kila moja mahali ilipokuwa zamu ya mtu.

Mkuu wa ofisi akamwita Mama Muhuri chumbani. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa.

"Weka sahihi hapo chini. Maelezo tu ya polisi."

Akayasoma. Kusoma karatasi hadi mwisho ndiyo ilikuwa kazi yake. Maelezo yalisema kwamba yeye, karani wa dirisha la tatu, alitukanwa matusi ya nguoni na kundi la wanawake, na kwamba wanawake hao walipiga kioo cha dirisha mpaka kikapata ufa.

"Bosi, ufa ule ni wa mafundi wa feni. Waligonga na ngazi. Mwaka wa pili sasa. Niliuziba mwenyewe kwa utepe, na barua ya kuomba kioo kingine niliileta hapa kwako."

"Nani anakumbuka mambo ya feni?"

"Mimi nakumbuka. Na hawajanitukana. Wananishukuru. Siku nne nashukuriwa mpaka nimechoka."

Mkuu akavua miwani. "Wewe una miaka kumi na tisa hapa. Watoto wako wanasoma. Usijitafutie balaa kwa watu usiowajua. Saini."

Mama Muhuri alisema baadaye kwamba hakuona ujasiri wowote ndani yake wakati ule. Alichoona ni kasoro. Karatasi ilikuwa na kasoro, na yeye maisha yake yote hajawahi kupitisha karatasi yenye kasoro.

"Hii nairejesha," akasema, akaisukuma upande wa pili wa meza. "Ikikamilishwa kwa ukweli nitasaini."

Akatoka. Akaenda kwenye kiti chake, akafunga droo ya mihuri, akampa ufunguo mzee wa dirisha la nne. Akachukua fomu moja mpya kwenye rundo. Nyumba wanayoishi na mumewe ilikuwa kwa jina la mume; kiwanja kidogo nyuma yake, alichopewa na shangazi yake, hakijawahi kuandikwa. Akajaza hicho kiwanja. Kwenye cha tisa akaandika jina lake, akaweka sahihi yake. Kisha akauzunguka ukuta, akapita mlango wa wafanyakazi, akaingia ukumbini kwa mlango wa wananchi, akasimama mbele ya dirisha la tatu.

Miaka kumi na tisa hajawahi kusimama pale. Aliinama ili aone ndani, na mgongo wake ukamwambia habari ambayo macho hayakuwahi kumwambia. Tundu lilikuwa chini kweli. Alikiona kiti chake na mto wake wa kukalia, na kalamu zake zilizopangwa kwa urefu, na vyote vilionekana ni mali ya mtu asiyeweza kufikiwa. Hapakuwa na mtu wa kumhudumia. Alisimama hivyo hivyo, peke yake, foleni ya mtu mmoja, mpaka saa ya kufunga ofisi. Mkuu alipita mara tatu. Mzee wa dirisha la nne alimletea stuli, na alipoikataa, akaiacha pale pale jirani naye.

Ijumaa wanawake walifikishwa mbele ya hakimu, na Mama Muhuri alikwenda mahakamani na gauni lake la ofisini. Alieleza habari ya ngazi na feni, tarehe na saa, na jinsi alivyonunua utepe. Alieleza habari ya asante. Hakimu, mtu mzima mwenye kikohozi, alimuuliza kama ana hakika hakuna aliyemtukana. "Mheshimiwa," alijibu, "laiti wangenitukana. Ningelala vizuri." Wanawake wakaachiwa kwa onyo. Jumatatu alikuta barua mezani: amesimamishwa kazi kwa kuacha kituo chake bila ruhusa. Hakubisha. Ni kweli alikuwa amekiacha.

Tangu siku hiyo akawa upande wa foleni. Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Wapo waliomkumbatia, wapo waliogeuza uso. Kila Jumamosi mchana walikutana sebuleni kwa Bi Mkunga kufanya mazoezi. Mmoja alijifanya askari, akawavuta mikono, akawatukana, akawamwagia maji, na wengine walijifunza kutojibu pigo na kutokimbia. Mazoezi hayo yalianza kwa vicheko na mara nyingi yaliisha kimya, kwa sababu kukaa tuli wakati unadhalilishwa kunachosha kuliko kulima. Siku moja walimwomba Mama Muhuri acheze sehemu ya karani mkali. Alijaribu kufoka, ikamshinda. Mwishowe akasema tu alivyozoea:

"Mama, hapa pamebaki wazi. Kakamilishe, kisha urudi. Mimi nipo."

Mshona mashuka wa hospitali, mwanamke mwembamba asiyependa maneno, ndiye aliyemjibu.

"Hiyo sauti ndiyo iliyokuwa inanimaliza mimi," akasema. "Mtu akikufokea unakasirika, unajua umeonewa. Wewe uliniambia kwa upole, nikatoka pale najiona mjinga, najiona nimesahau kitu nyumbani. Mara tatu nilikuja. Mara tatu nilikushukuru."

Mama Muhuri alikaa chini. Alisema siku nyingi baadaye kwamba kusimamishwa kazi hakukumuuma kama maneno yale, na kwamba yalimfaa kuliko kitu chochote alichowahi kuambiwa.

Foleni iliendelea wiki tisa. Walijigawa kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, ili kazi zao nazo zisife. Karani mpya wa dirisha la tatu aliacha kazi, akaja mwingine. Mvua iliponyesha waliingia wote ukumbini wakabanana, na wakifagia jioni walifagia na matope. Siku moja ya mapumziko yake dereva wa mikate alitokea, akiwa amenyoa ndevu, akajipanga katikati ya wanawake. Alikuwa na fomu ya kuandikisha upya nyumba yake. Kwa kuwa mwanamume hana kipengele cha tisa, alikuwa amechora mstari kwa rula kati ya cha nane na cha kumi, akaandika 9, na jina la mkewe, akaacha nafasi ya sahihi ya mkewe.

"Hiki kitu hakipo," alisema karani.

"Nimekiongeza. Sitaki kuandikisha nyumba bila ruhusa ya mke wangu."

"Siwezi kuipokea ikiwa hivi, baba."

"Basi irejeshe."

Karani aliutazama muhuri mwekundu, akaitazama fomu, akaenda kumwita mkuu. Mkuu naye hakujua. Hakuna mwanamume aliyewahi kurejeshewa fomu kwa sababu ya kipengele cha tisa, na hakuna kanuni iliyokataza kuwa nacho. Fomu ile ilizunguka vyumba vyote vya ofisi. Jumatatu iliyofuata walikuja wanaume kumi na wawili na rula zao. Mkewe alipomuuliza kwa nini hakumwambia mapema, alijibu kwamba alidhani angemkataza. Walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu mume akawa makini ghafla, akasema, "Nilisimama pale kwa muda wa saa nne. Miguu iliuma. Lakini kilichoniuma zaidi ni yule kijana wa dirishani kuniuliza nina shida gani, wakati sijamaliza hata kusalimia."

Waraka wa serikali ulikuja mwishoni mwa wiki ya tisa. Haukuwa ushindi wa kupigiwa vigelegele. Kipengele cha tisa kilibaki, ila sasa kilisomeka "Shahidi, mtu mzima yeyote," na kilikuwa kwenye fomu za wote, wanaume kwa wanawake. Sebuleni kwa Bi Mkunga waligombana siku hiyo. Wengine walitaka warudi kwenye foleni kesho yake: kwa nini mtu mzima awe na shahidi wa mali yake? Wengine walisema miguu imechoka na haki waliyoidai wameipata, kwamba wote wawe sawa, hata kama ni sawa katika usumbufu. Cheche alikuwa wa kundi la kwanza, dada yake wa kundi la pili, wakajibizana mbele ya watu kwa sauti ambayo hawakuwahi kutumiana tangu msiba wa baba yao. Kisha Cheche alitoa fomu mpya mfukoni mwa ovaroli, akaiweka juu ya meza.

"Nataka shahidi," akasema. "Mtu mzima yeyote. Wewe si mtu mzima?"

Mama Muhuri akasaini.

Ofisi ilimrudisha kazini miezi minne baadaye, baada ya barua nyingi, lakini si dirishani. Walimpeleka stoo ya majalada, chumba cha chini chenye taa moja na harufu ya karatasi kuukuu. Mkuu alidhani anamwadhibu. Huko ndiko zilikowekwa fomu zote zilizorejeshwa ambazo wenyewe hawakurudi kuzikamilisha. Ofisi ilikuwa ikibaki na nakala. Zilikuwa rafu tatu nzima, zikipanda hadi darini. Alianza kuzisoma kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Aliiona ya mama yake katika mwezi wake wa pili huko. Aliisoma yote, akainakili kwa mkono, akampelekea mdogo wake ile nakala. Cheche aliisoma amesimama, barakoa ya kuchomelea ikiwa juu ya kichwa, akauliza, "Aliandika mwenyewe?" Dada akasema ndiyo. "Sikujua mama alikuwa na mwandiko mzuri hivi," alisema Cheche, na siku hiyo walikaa kwenye karakana mpaka chai ikapoa, wakizungumza habari za mama yao tangu utoto.

Kisha Mama Muhuri akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Aliandika orodha ya wale wanawake, jina na mtaa, na kwa kila mmoja akaandika barua: sheria imebadilika, unaweza kuleta fomu yako tena, hahitajiki mwanamume. Posta isingewafikia, kwa hiyo barua zilipelekwa kwa mkono na wenzake wa foleni, kila mmoja mtaa wake, na yeye mwenyewe alichukua mitaa ya mbali, Jumapili kwa Jumapili. Wengi walikuwa wamehama. Wengine walikuwa wamekufa, na binti zao walipokea barua. Baadhi walilia, baadhi walimkaribisha chai, mmoja alimfungulia mbwa.

Kwenye nyumba moja ya bati, mwisho wa barabara ya changarawe, alitoka mwanamke wa makamo yake mwenye beseni la nguo kiunoni. Aliisoma barua yote, kisha akamtazama aliyeileta.

"Wewe ndiye uliyekuwa pale dirishani."

"Ndiye mimi."

"Uliniambia nikakamilishe nirudi."

"Nilikuambia hivyo."

"Shemeji yangu alikubali kusaini, lakini alitaka nimpe nusu. Nikampa nusu, na bado hakusaini." Aliutupia jicho ukuta uliougawa uwanja wake katikati. "Sasa unaniletea karatasi."

Mama Muhuri alifikiria kuomba radhi, na maneno alikuwa nayo, ya upole, yamepangika. Akayameza. Alijua ile sauti ingetoka.

"Nusu iliyobaki bado haijaandikwa kwa jina lako," akasema. "Naweza kuwa shahidi, kama unataka. Kama hutaki, yeyote mwingine."

Mwanamke yule aliweka beseni chini. "Sijakusamehe," alisema.

"Sijakuja kwa hilo."

"Basi kaa hapo. Na usinijazie. Nitajaza mwenyewe."

Aliingia ndani akatoka na kigoda kimoja, akakikalia yeye. Mama Muhuri akakaa kizingitini, akampa kalamu. Nguo mbichi zilikuwa zikichuruzika kwenye beseni, na mwanamke yule alijaza polepole, kipengele kwa kipengele, akisoma kila swali kwa sauti kabla ya kulijibu.